Kabla ya kuwasha gari waliuliza: anapumua?

Mzee aliinama, akaingiza vidole kwenye ufa wa sakafu ya gari, akaupindua ubao. Upande mmoja ulikuwa na vigurudumu vya kutelezeshea jeneza. Upande wa pili ulikuwa bapa, tayari kwa machela. Akaondoa mapazia ya madirishani, akakunjua kiti kidogo cha mtu wa kukaa na mgonjwa, akapachika taa nyekundu juu ya paa, akajifuta mikono.

"Lilikuwa gari la maiti," akasema. "Sasa ni ambulensi."

Tulikuwa kwenye maonyesho ya magari ya zamani, mji mdogo kaskazini mwa Dayton, Ohio. Mimi na magari hatujuani sana. Nilikwenda kwa sababu mume wa mwenzangu wa kazini alikuwa amepeleka Chevrolet lake, na tulikuwa tumeahidiwa nyama choma. Lakini mbele ya Cadillac hilo la miaka ya 1960 nilisimama hadi nyama ikapoa.

Mzee huyo alikulia ndani ya nyumba ya mazishi, na sisemi kwa mafumbo: familia iliishi ghorofani, chini kukiwa na chumba cha kutayarishia maiti na ukumbi wa kuagia. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alikuwa akitoka usiku na baba yake. Nikamuuliza walijuaje sakafu iwekwe upande gani.

"Simu ikilia, baba alikuwa na swali moja tu. Anapumua?"

Tukacheka wote.

Halafu nikarudi kwenye zamu zangu za usiku. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye makao yao, na mimi ndiye mara nyingi ninayepiga 911, namba ya dharura ya huku. Jambo la mwanzo wanaloniuliza, nikishataja anwani, ni lile lile: yuko macho? Anapumua? Kila nilipojibu nilimwona yule baba, simu sikioni, akitafakari sakafu.

## Si angeendesha polepole!

Niliyemsimulia habari ya nyumba za mazishi kuendesha ambulensi alishtuka, au alicheka kwa namna ya kushtuka. Rafiki yangu mmoja wa Nairobi aliuliza moja kwa moja: yaani anayekukimbiza hospitali ndiye huyo huyo atakayekuuzia jeneza? Si angeendesha polepole!

Nami niliiona hivyo hivyo. Mgongano wa maslahi wa wazi kabisa, unaoonekana hata na mtoto. Nilikuwa tayari kuandika makala ya hasira, na ningeiandika haraka.

Kabla sijaiandika nikampigia mjomba. Zamani, kabla hajastaafu, aliendesha Land Rover ya hospitali moja mkoani Tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Vipi, baridi imeshaanza huko?"

Nikamweleza yote, Cadillac, vigurudumu, taa ya kupachika. Nikangoja ashangae.

"Sasa ajabu iko wapi?" akasema. "Mimi asubuhi nilikuwa nateremka na mama mwenye uchungu wa uzazi, jioni napanda na maiti kuirudisha kwao. Gari ni hilo hilo. Ulitaka waje na gari gani, mjomba?"

Makala yangu ya hasira ikafia hapo.

## Gari ambalo mtu anaweza kulala

Marekani haikukosa ambulensi za hospitali. Cincinnati walikuwa nazo tangu miaka ya 1860, na mwaka 1869 hospitali ya Bellevue jijini New York ilianzisha huduma iliyopangwa na Edward Dalton, daktari aliyetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Farasi, kengele, daktari kijana amekaa nyuma. Lakini hiyo ni miji mikubwa. Miji midogo haikuwa na Bellevue, na Marekani ya wakati ule ilikuwa miji midogo mingi sana na mashamba katikati.

Kila mji mdogo, hata hivyo, ulikuwa na mzishi wake, yaani mwenye biashara ya mazishi. Wengi wao walianza kama maseremala: duka moja likiuza meza, vitanda na majeneza. Magari yalipoingia, huyu ndiye aliyekuwa na gari refu ambalo mtu anaweza kulala akanyooka. Alikuwa na simu, na usiku kulikuwa na mtu wa kuipokea, kwa kuwa kifo hakina saa. Alikuwa na vijana wawili waliozoea kumteremsha mtu mzito ngazi nyembamba bila kumbamiza ukutani. Usidharau hilo la mwisho. Mimi nalifanya kwa mshahara, na mgongo wangu ni shahidi.

Kwa hiyo watu walimpigia yeye. Hakuna aliyekaa kikao akaamua. Mambo mengi ninayoyafahamu yalianza kwa njia hiyo, na baada ya miaka 30 yakaitwa mfumo.

Vita Vikuu vya Pili vilizidisha. Madaktari vijana walichukuliwa jeshini, hospitali nyingi zikaachana na ambulensi zao, na mzigo ukaangukia kwa zimamoto, kwa polisi, kwa watu wa kujitolea, na kwa nyumba za mazishi.

Viwanda vikaitikia. Cadillac ilikuwa ikiuza chesisi ndefu isiyo na bodi ya nyuma, na viwanda maalumu vikamalizia: Miller-Meteor mjini Piqua, Superior mjini Lima, Hess & Eisenhardt mjini Cincinnati. Yote hiyo ni Ohio, ndiyo maana magari haya bado yapo kwenye maghala ya watu huku kwetu. Mwenye uwezo alinunua mawili, la maiti na la wagonjwa. Asiye na uwezo alinunua moja la kugeuza, kama la yule mzee.

Pesa je? Hapa ndipo nilipotegemea kukuta uozo. Safari ya ambulensi ilitozwa kidogo, mara nyingine bure, na wengi waliiendesha kwa hasara. Faida ilikuwa ni jina. Ukimfikisha baba wa watu hospitali salama usiku wa theluji, familia itakukumbuka siku ya msiba, hata kama msiba wenyewe utakuja baada ya miaka 20. Ukimfikisha amekufa kwa uzembe wako, mji mzima utajua kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo mzishi alikuwa na kila sababu ya kukimbia. Na wakati mwingine walikimbia kupita kiasi: penye nyumba mbili za mazishi, ajali moja iliweza kuita magari mawili yanayoshindana kufika, hadi baadhi ya miji ikaamua kuweka zamu.

## Dallas

Kuna wikendi moja inayoonyesha jinsi jambo hili lilivyokuwa la kawaida.

Tarehe 22 Novemba 1963, Dallas, kampuni ya mazishi ya Vernon O'Neal ndiyo iliyokuwa na mkataba wa ambulensi na jiji. Muda mfupi kabla msafara wa Rais John Kennedy haujafika Dealey Plaza, ambulensi ya O'Neal ilikuwa imeitwa pale pale kumchukua mtu aliyeanguka kifafa. Rais alipopigwa risasi alikimbizwa hospitali ya Parkland kwa gari lake mwenyewe la msafara. Mchana huo O'Neal akapata simu nyingine: alete jeneza. Mwili wa Rais ulitoka Parkland ndani ya jeneza la O'Neal, juu ya gari la maiti la O'Neal, kwenda uwanja wa ndege.

Mchana huo huo, upande wa Oak Cliff wa jiji hilo, askari polisi J. D. Tippit alikuwa amepigwa risasi. Nyumba ya mazishi ya Dudley Hughes ilikuwa jirani kabisa na mahali pale, na ambulensi yao ikafika upesi.

Tarehe 24, Lee Harvey Oswald akapigwa risasi chini ya jengo la polisi, mbele ya kamera za televisheni. Gari lililokuja kumbeba lilikuwa la O'Neal.

Rais na anayetuhumiwa kumuua, kampuni moja, chini ya saa 48. Taifa zima lilikuwa likitazama, na tangu siku hiyo kila dakika ya wikendi ile imechambuliwa na watu wenye shaka kuhusu kila kitu. Habari ya ambulensi kutoka kwa wazishi haikumshtua mtu. Ilikuwa kama kuona basi la shule likibeba wanafunzi.

Picha za Oswald akiingizwa garini nimeziangalia mara nyingi kuliko ninavyopenda. Anawekwa kwenye machela, mlango unafungwa, gari linaondoka. Nikajiuliza: nyuma humo kuna nani, na anajua nini?

Na hapo ndipo shaka yangu ilipohama. Tatizo halikuwa moyo wa mzishi.

## Baba yake alijua nini?

Nilimwandikia yule mzee kumuuliza. Akajibu kwa barua fupi ya kistaarabu: baba alikuwa na cheti cha huduma ya kwanza cha Msalaba Mwekundu. Walikuwa na chupa ya oksijeni, bandeji, mablanketi. Kazi ilikuwa kumchukua na kukimbia. Safari nyingi walikuwa wawili, lakini usiku mwingine baba alikwenda peke yake, na aliye peke yake anaendesha.

Maana yake nyuma hapakuwa na mtu.

Mwaka 1960 watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha namna ya kuusukuma moyo kwa viganja juu ya kifua. Pumzi za mdomo kwa mdomo zilikuwa zimeshathibitishwa miaka michache nyuma. Yaani ghafla kukawa na la kufanya. Kabla ya hapo unaweza kusema mbio zilikuwa ndiyo tiba. Baada ya hapo kila dakika ya mgonjwa kulala peke yake nyuma ya gari zuri ilikuwa dakika inayopotea. Na paa la Cadillac la kawaida ni la chini. Jaribu kupiga magoti humo na kubana kifua cha mtu mzima kwenye kona. Mimi nimejifunza kazi hiyo juu ya sakafu ya wodi, kwenye nafasi, na bado jasho lilinitoka.

Mwaka 1966 Akademia ya Taifa ya Sayansi ilitoa ripoti kuhusu vifo vya ajali. Inasema mwaka 1965 ajali ziliua Wamarekani 107,000, kati yao 49,000 barabarani. Inasema takriban nusu ya huduma za ambulensi nchini zilikuwa mikononi mwa wazishi 12,000, na sababu inayotajwa haina ubaya wowote: magari yao yanaweza kubeba machela. Kuna pia mahali panapowataja wataalamu waliorudi kutoka Korea na Vietnam, waliosema kwamba wangejeruhiwa vibaya, uwezekano wa kupona ungekuwa mkubwa zaidi vitani kuliko kwenye mtaa wa kawaida wa mjini.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikaenda kukunja shuka.

Ripoti haiwatukani wazishi. Nilitafuta matusi, sikuyaona. Inachosema kwa kurasa nyingi ni kwamba njia kutoka ulipoanguka hadi mlango wa hospitali haikuwa ya mtu yeyote katika udaktari. Daktari alianzia mlangoni. Kabla ya mlango ulikuwa wa seremala aliyekuwa na gari refu.

## Mahali ambapo hata mzishi hakuja

Ningeishia hapo kama nisingesoma habari za Pittsburgh.

Huko aliyekuchukua alikuwa polisi, kwa karandinga. Askari wawili mbele, mgonjwa nyuma. Mtaa wa Hill District, wa watu weusi, ukipiga simu, walikuja wakijisikia kuja. Novemba 1966 hata mkubwa hakupona: David Lawrence, aliyewahi kuwa meya wa jiji hilo na gavana wa Pennsylvania, alianguka akiwa mkutanoni, akabebwa na gari la polisi, na mwezi huo huo akafa. Mwaka huo huo daktari Peter Safar, mmoja wa walioleta elimu ya pumzi za mdomo kwa mdomo, alimpoteza binti yake kwa pumu.

Mwaka 1967 Safar, kwa kushirikiana na Phil Hallen aliyekuwa na mfuko wa hisani, na shirika la mtaa lililoitwa Freedom House, akachukua wanaume weusi wa Hill District. Wengi hawakuwa na kazi, baadhi hawakumaliza shule, wengine walitoka Vietnam. Akawafundisha kama saa 300. Wakajifunza kuingiza mpira kooni, kusoma moyo, kumtuliza mwenye hofu. Wakawa miongoni mwa wa kwanza nchini kufanya tiba ya kweli ndani ya gari linalotembea.

Nimejaribu kufikiria mtaa ule. Jana unakuja kubebwa na watu wanaokuona mhalifu. Leo anayeshuka ni kijana wa jirani yako, ana mkoba, anakuita kwa jina, anajua la kufanya.

Mwaka 1975 jiji likaanzisha huduma yake na kuifunga Freedom House. Baadhi yao waliingizwa kwenye huduma mpya, na wengi hawakudumu humo. Mtaala wa mafunzo wa kitaifa uliandaliwa na Nancy Caroline, daktari aliyekuwa akiwasimamia, kutokana na kazi waliyoifanya wao. Nilihitimu kozi yangu Ohio bila kulisikia jina Freedom House hata mara moja.

## Walipojitoa

Wazishi hawakufukuzwa na mahakama wala na aibu. Waliacha kwa sababu hesabu ilikataa.

Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alisaini sheria ya usalama barabarani, na majimbo yakaambiwa yaweke viwango vya ambulensi, la sivyo fedha zao za barabara zitaguswa. Mwaka huo huo sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipanuliwa, na kuwaweka watu macho usiku kwa malipo ya shukrani kukawa kugumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kukawa na mafunzo ya saa 81 kwa mhudumu wa ambulensi. Mwaka 1974 serikali ya shirikisho ikatoa vipimo vya gari lenyewe, vya gari refu kwenda juu, la aina ya lori au basi dogo. Cadillac ikabaki kwa maiti peke yake.

Fikiria baba wa yule mzee. Anunue gari jipya lisilofaa kwa mazishi, awasomeshe vijana, awalipe usiku kucha, akate na bima, yote kwa ajili ya kazi ambayo hata zamani ilikuwa ya hasara. Akaandikia kaunti barua: kuanzia mwezi fulani, tafuteni mtu mwingine.

Barua kama hizo zilikuwa nyingi, na kaunti nyingi zilizipokea zikiwa hazina mtu mwingine. Hapo ndipo wakulima, walimu na wauza maduka walipokwenda darasani jioni na kuanzisha vikosi vya kujitolea. Mfano walikuwa nao: mwaka 1928 huko Roanoke, Virginia, Julian Wise, aliyewaona watu wawili wakifa maji utotoni, alikuwa ameshakusanya wenzake wa reli kuunda kikosi cha uokoaji.

Nilimsomea mjomba sehemu hii. Akanikumbusha m-mama, mpango wa usafiri wa dharura za uzazi huko Tanzania: mjamzito akipatwa na dharura, 115 inapigwa, na kama ambulensi ya wilaya haipo karibu anaitwa dereva wa kawaida wa pale pale aliyeandikishwa, na nauli yake inalipwa kwa simu.

"Unaona?" akasema. "Mwenye gari ndiye anayeitwa."

Hapa naye nikambana. Dereva huyo anaongozwa na mhudumu wa afya aliyeko kwenye simu, anayejua mama anatoka kituo gani na anangojwa wapi. Baba wa yule mzee alikuwa na swali moja, na baada ya swali alikuwa yeye na Mungu wake.

"Haya," mjomba akasema, kwa sauti ya asiyekubali.

## Bili

Majira ya baridi yaliyopita mwenzangu mmoja aliteleza kwenye barafu nje ya kazi. Mguu ulikuwa umegeuka upande usiotakiwa. Mmoja wetu akatoa simu, naye akiwa chini, meno yakigongana, akamshika mkono: msiwapigie.

Hakuogopa hospitali. Aliogopa gari. Kuanzia Januari 2022 sheria ya shirikisho inawakinga wagonjwa na bili za kushtukiza, hata za helikopta, lakini ambulensi ya barabarani iliachwa nje. Hutaulizwa unataka ya kampuni gani, na isipokuwa kwenye orodha ya bima yako utajua barua ikifika. Tulimpeleka kwa Toyota yangu, tumemlaza kiti cha nyuma. Nikaendesha mimi.

Waliokuja baada ya wazishi wanajua mambo ambayo baba wa yule mzee hakuyaota. Nimewaona wakimrudisha mtu ambaye mimi nilikuwa nimeshaanza kumfumba macho. Sitaki kurudi kwenye Cadillac. Ila katika majimbo mengi kaunti hailazimiki kisheria kuwa na ambulensi kama inavyolazimika kuwa na polisi, na vikosi vya kujitolea vijijini vinazeeka na kufungwa. Wanaandika barua zile zile za kuanzia mwezi fulani.

Mjomba anasema angechagua wa karibu asiyejua kuliko anayejua aliye mbali, au anayejua ambaye mgonjwa anaogopa kumwita. Mimi nasema anatetea Land Rover yake. Nikamtajia yule mtu aliyerudishwa, naye akanitajia mwanamke aliyejifungua salama katikati ya pori la Handeni, na mimi nikamuuliza ni wangapi hawakujifungua salama ambao hawataji. Akaanza kujibu, bando lake likakatika.